Tai Mwenye Kichwa Cheupe: Wapi na Lini Hasa Anaonekana

Wengi wanaotamani kumwona tai mwenye kichwa cheupe, yule aliyemo katika nembo ya Marekani, hukosea tangu wanapopanga safari, kwa kuwa humtafuta kwenye vilele vya milima ambako michoro na matangazo yamewazoesha kumwona. Ukweli ni kwamba huyu ni wa jamii ya tai-bahari, chakula chake kikuu ni samaki, na sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha kando ya mito mikubwa, maziwa na ghuba. Kwa hiyo anayemtaka na aanze kwa kutazama ramani ya maji, kisha aulize ni majira gani ambapo samaki wa maji hayo hupatikana kwa urahisi. Swali hilo la pili ndilo husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye uzito zaidi.

Ndiyo maana dhana kwamba msimu wa baridi haufai huwakosesha watu mengi. Wakati wa kiangazi kila jozi hulinda eneo lake, hivyo ndege hawa huwa wametawanyika, na majani ya miti huwaficha. Maji ya kaskazini yakishaganda, huhamia kusini hadi wafike mahali penye maji yasiyo na barafu, na hapo hukusanyika kwa wingi. Katika mto Mississippi, maji yanayoporomoka chini ya mabwawa ya kupitishia meli hayagandi kirahisi, kwa hiyo mwezi wa Januari na Februari miti iliyo karibu na bwawa namba 14, jirani na mji wa Le Claire jimboni Iowa, hujaa tai. Waswahili wanaoishi Minneapolis wana nafasi nzuri zaidi kuliko wanavyodhani: mji wa Wabasha, ambako mkondo wa mto huo huwa na nguvu ya kuzuia barafu, uko mwendo wa takriban saa moja na nusu kwa gari, na una kituo maalumu cha elimu kuhusu tai.

Wengine husema kwamba bila kufika Alaska hakuna utakachoona. Ni kweli kwamba Alaska ina tai hawa wapatao 30,000, na kwamba mkusanyiko wa mto Chilkat, karibu na Haines, hauna mfano. Huko, kuanzia Oktoba hadi Desemba, maji ya chini ya ardhi yenye joto kiasi hupenya kwenye changarawe na kuzuia sehemu ya mto isigande, wakati uleule ambapo samoni wanaochelewa wanapanda kuzaa na kufa. Katika miaka ya neema hufika tai wapatao 3,000. Mtazamaji aliyesimama kwenye barabara kuu ya Haines, kati ya maili ya 18 na ya 24, humwona mmoja amemkanyaga samoni kwa kucha za mguu mmoja, akimchana kwa mdomo, huku wenzake wamemzunguka wakingoja nafasi ya kumpora. Eneo hilo limehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1982.

Hata hivyo, dhana kwamba ni lazima ufike Alaska ni ya zamani. Mwaka 1963 majimbo 48 yaliyo kusini ya Kanada yalibakiwa na jozi 417 tu zenye viota, kwani sumu ya DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilifanya maganda ya mayai yawe membamba hata yakavunjika chini ya mama anayeatamia. Matumizi ya dawa hiyo yalipigwa marufuku nchini Marekani mwaka 1972, na mwaka 2007 tai huyu akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Makadirio ya serikali yaliyotolewa mwaka 2021 yalitaja tai 316,700 katika majimbo hayo, zikiwemo jozi 71,400 zenye viota. Ni habari njema kubwa, nayo inastahili kurudiwa kila mara. Leo, aliye Maryland anaweza kwenda mwezi Novemba kwenye bwawa la Conowingo, katika mto Susquehanna, ambako samaki wanaopita katika mitambo ya umeme hutoka wamezubaa au wamekufa. Aliye Florida hahitaji hata kuifuata baridi, kwani tai wa huko hutaga na kulea makinda wakati wenzao wa kaskazini wangali wakingoja theluji iyeyuke.

Akishafika mahali hapo, mgeni huweza kumkosa ndege aliye mbele ya macho yake, kwa kudhani kwamba asiye na kichwa cheupe ni ndege mwingine. Kinda hutoka kiotoni akiwa na rangi ya kahawia iliyoiva na mdomo mweusi. Kisha madoa meupe hutapakaa chini ya mabawa, mdomo hugeuka manjano kidogokidogo, na kichwa hakiwi cheupe kabisa hadi umri wa miaka minne au mitano. Wala asingoje mlio mkali wa kwenye filamu, ambao mara nyingi ni wa mwewe mwenye mkia mwekundu. Sauti ya tai huyu ni miluzi myembamba, dhaifu kwa mwili wake.

Kwetu Afrika Mashariki husikika mara kwa mara kwamba ameonekana Naivasha au kisiwa cha Rubondo. Huyo ni furukombe, ndugu yake, ambaye weupe wake hushuka hadi kifuani na tumbo lake ni la hudhurungi; wa Marekani weupe wake huishia shingoni, na hapatikani porini nje ya Amerika Kaskazini.

Mwisho, si kweli kwamba kumsogelea humfanya aonekane vizuri zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1940 inamlinda, na mwongozo wa serikali unawataka watembea kwa miguu wakae takriban mita 100 kutoka kwenye kiota kinachotumika. Hata unyoya uliodondoka hauruhusiwi kuchukuliwa bila kibali. Panapokuwa na barabara, ni bora kubaki ndani ya gari, kwa kuwa tai haliogopi gari lililosimama kama anavyomwogopa mtu anayetembea, na darubini nzuri itafanya kazi iliyobaki.