Kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali

“Kidonda hakiumi, nesi.” Kila siku ya kliniki ya kisukari hapa Mtwara naambiwa hivyo, na wiki hii nimechoka. Mzee mmoja aliokota korosho huku mwiba umezama kwenye unyayo. Alishtuka tu ndala ilipoanza kuteleza kwa usaha. Mguu wenyewe haukumwambia kitu.

Jamani, sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguuni inaharibika na ya damu inaziba. Kidonda kunyamaza siyo kupona. Mwenye ganzi akiniambia hakiumi, nakivua bandeji haraka. Akiniambia kimeanza kuuma, naharakisha zaidi, maana huenda uchafu umeshuka hadi kwenye mfupa. Kwenu wenye ganzi maumivu si kipimo tena. Kipimo ni macho, pua na kiganja. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauna kidonda, usiukanyagie. Njoo siku hiyohiyo.

Na yale maji ya moto ya chumvi ya kuloweka miguu, naomba yakome. Nimeona malengelenge unyayo mzima kwa mtu aliyeapa kuwa yalikuwa vuguvugu. Vilevile wabanguaji wa nyumbani: mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, na penye ganzi yataunguza huku wewe unapiga soga.

Kucha kata kwa kunyoosha, sugu usichonge kwa wembe, kausha katikati ya vidole na usipake mafuta hapo. Chandarua kichomekee vizuri: panya hung’ata miguu yenye ganzi na mwenyewe asiamke.

Viatu ndivyo vinavyoniumiza kichwa. Tumefundishwa kushauri vya kufunika. Kwa joto hili la pwani vidole vinalowa jasho, fangasi wanaingia, ngozi inachanika. Ndala nazo zinapitisha mwiba, na ule mkanda wa kati unachubua. Kwa sasa nashauri sendo za soli nene, zenye mkanda wa nyuma, lakini moyo wangu haujatulia. Za tairi zina misumari. Pitisha mkono ndani kila unapovaa. Kama mkono nao una ganzi, mpe mjukuu apitishe wake, na jioni akukagulie nyayo, hasa kama macho yako yameanza kufifia.