Kitabu cha Msanii cha Kukunjwa: Maana Yake na Namna Kinavyofanya Kazi

Kitabu cha msanii ni kazi ya sanaa iliyobuniwa tangu mwanzo iwe kitabu, kwa namna ambayo ukubwa wake, mikunjo yake na jinsi kinavyofunguliwa hubeba maana sawa na mistari na rangi zilizomo. Hapo ndipo kinapotofautiana na katalogi, ambayo huonyesha tu picha za kazi zilizopo mahali pengine. Kile cha kukunjwa hutengenezwa bila kushonwa, mara nyingi kwa karatasi moja, na ndicho ninachoamini kinamfaa zaidi mtu anayetaka kuanza na michoro yake mwenyewe.

Mkunjo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huigawa picha, na huamua nini kionekane kwanza na nini kisubiri. Picha ya ukutani huonekana yote kwa mara moja, lakini ikikunjwa, mtazamaji huipata kidogo kidogo kwa kasi ya mkono wake. Katika umbo la kodiani, ukanda mrefu wa karatasi hukunjwa mbele na nyuma kwa zamu, hivyo mtu anaweza kuusoma kurasa mbili mbili au kuunyoosha wote na kuusimamisha mezani. Mwaka 1913, mjini Paris, mchoraji Sonia Delaunay na mshairi Blaise Cendrars walitoa shairi lililoandamana na rangi katika karatasi ya kukunjwa yenye urefu wa takribani mita mbili, wakikusudia nakala 150 ambazo zikiunganishwa zingelingana na kimo cha mnara wa Eiffel.

Umbo jingine hutokana na karatasi moja ya A3 inayokunjwa kwa nusu mara tatu, ikatoa vipande vinane vya ukubwa wa A6. Karatasi hufunguliwa, ikapasuliwa kwenye mkunjo mrefu wa katikati, kwa urefu wa vipande viwili vya kati peke yake. Kisha hukunjwa kwa urefu na kusukumwa kutoka ncha zote mbili hadi kurasa zijikusanye. Safu moja ya vipande itasomeka juu chini ikiwa haikugeuzwa mapema, na kwa hiyo anayetaka mfuatano wa picha hana budi kutengeneza kwanza kielelezo kitupu chenye namba za kurasa. Hata hivyo, njia ninayoipenda zaidi ni kinyume chake: kuchora karatasi nzima bila kufikiria kurasa, kisha kuikunja. Mti uliochorwa mzima hugeuka kuwa gome kwenye ukurasa mmoja na anga tupu kwenye mwingine, na vipande visivyokuwa jirani hujikuta vikitazamana. Msanii huigundua upya kazi yake, kisha huongeza mstari au neno pale ambapo jozi hizo zinalihitaji. Upande wa nyuma, ambao hufichika ndani, unaweza kubeba picha nyingine itakayoonekana tu kwa mwenye kukikunjua kitabu chote.

Karatasi nayo ina masharti yake. Nyuzi za karatasi iliyotengenezwa kwa mashine hulala zaidi upande mmoja. Mkunjo unaofuata mwelekeo huo hutoka safi, na ule unaoukata huelekea kupasuka. Ikunje karatasi kidogo bila kuibana, kwanza upande huu na kisha ule: unaokubali kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi, na ni vizuri mgongo wa kitabu ulingane nao. Karatasi nzito ya rangi za maji, yenye gramu 300 kwa mita ya mraba, hutiwa kwanza alama kwa rula na chombo butu. Rangi nzito ya akriliki hupasuka kwenye mkunjo na kurasa zake hugandana kitabu kikifungwa, ilhali makaa huchafua ukurasa wa pili yasipopuliziwa dawa ya kuyashika.

Mwenye kuogopa kuukata mchoro wake wa asili anaweza kuuskani na kukunja nakala iliyochapwa, na kwa njia hiyo akatengeneza toleo dogo. Desturi ni kutia sahihi na namba kwa penseli kwenye kila nakala: 3/20 humaanisha nakala ya tatu kati ya ishirini, na idadi hiyo ikishatangazwa haiongezwi.