Kwera wa Mwaloni na masikio yao

Jirani na kijiwe chetu cha chai hapa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kuna mti uliosheheni viota vya kwera. Asubuhi kelele zao hazisemeki. Nafundisha baiolojia, kwa hiyo kila ubishi wa ndege unaniangukia mimi.

Dhana: Ndege hana masikio.
Anayo. Ni matundu nyuma kidogo ya macho, yamefunikwa na manyoya. Tuendelee.

Dhana: Sauti ikishaingia sikioni, kazi imekwisha.
Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mwewe akipita juu ya mti ule, kelele zote zinakatika kama umeme wa mtaani. Mshtuko wa namna hiyo humwaga noradrenalini kwenye ubongo, na kemikali hiyo hugusa hata usikivu. Imechunguzwa sana kwa ndege wadogo wa Australia wenye midomo myekundu, waimbaji kama kwera. Dume akiwa usingizini, mpigie wimbo wake mwenyewe: chembe hai za kituo cha ubongo kinachoongoza uimbaji wake zinachachamaa. Mwamshe, rudia wimbo uleule kwa sauti ileile, na chembe zilezile zinapoa. Si kwamba amekuwa kiziwi. Maeneo ya kusikia yanaendelea na kazi, ila noradrenalini inayomwagika akiamka imeteremsha kizuizi kwenye njia ya kwenda kituo kile.

Dhana: Aliyelala amezima.
Mwaka 2000 Amish Dave na Daniel Margoliash wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba chembe za kituo hicho, ndege akiwa amelala, hurudia mpangilio wa uimbaji wa mchana. Sauti haitoki hata kidogo. Mimi hilo bado linanisisimua kila nikilifundisha.

Dhana: Homoni ya estrojeni ni ya majike na mayai yao.
Ubongo wa dume nao huitengeneza, kwa kuibadili testosteroni, homoni ya kiume, tena palepale kwenye eneo la kusikia. Akisikia wimbo, kiwango hupanda ndani ya dakika chache, na chembe za eneo hilo huitikia nyimbo kwa nguvu zaidi. Homoni tulizoea kuziona zikifanya kazi kwa siku na majuma, hii inakimbia.

Mzee mmoja wa dagaa alipaliwa na chai. “Mwalimu, dume na estrojeni tena?”

“Hata wewe unayo, baba. Na ubongo wako unaitengeneza.”

Akatazama pembeni, akaomba andazi.