Vindolanda: ngome iliyojaa viatu

Ukiingia makumbusho ya Vindolanda, ngome ya kale ya jeshi la Roma kaskazini mwa Uingereza, ukitarajia panga na ngao, utashangaa: kinachokupokea ni viatu vya ngozi. Vimefukuliwa zaidi ya 5,000, na vingine ni vidogo, vya mtoto anayejifunza kutembea.

Mtoto kambini? Ndiyo. Wengi huamini mpaka wa Roma ulikaliwa na wanaume watupu, kwa kuwa sheria ilimkataza askari wa kawaida kuoa. Ilimkataza, lakini haikumzuia kuwa na mwenza na watoto. Makamanda ndio walikuja na wake zao waziwazi. Mke mmoja wa kamanda, Sulpicia Lepidina, aliandikiwa barua mwaka wa 100 hivi na shoga yake Claudia Severa, akialikwa kwenye siku ya kuzaliwa ya Severa, 11 Septemba. Karani ameandika sehemu kubwa. Mwishoni Severa akashika kalamu mwenyewe, akamwita mwenzake dada. Ni kati ya maandishi ya kale zaidi ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa kwa mkono wa mwanamke.

Barua hiyo ni ya wino juu ya kibao chembamba, milimita chache tu. Husemwa kwamba mbao na ngozi haziwezi kudumu miaka elfu mbili. Juani, sawa. Hapa ngome ilijengwa upya mara kadhaa, sakafu za zamani zikafukiwa kwa udongo uliolowa, hewa ikakosa njia, na vijidudu vya kuozesha vikashindwa kazi. Vibao vya kwanza vilipatikana 1973. Hata kiti cha choo cha mbao kimo!

Na hao askari hawakutoka Roma. Walikuwa Wabatavi na Watungri, watu wa sehemu za Uholanzi na Ubelgiji ya leo, tena walifika kabla ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka wa Warumi, haujaanza kujengwa mwaka 122.

Vita je? Vibao vinazungumzia zaidi mahitaji. Mmoja ametumiwa soksi, makubadhi na chupi mbili. Eti Mroma alivaa kandambili bila soksi kwenye baridi ile! Ofisa mmoja, Masclus, anamwomba mkuu wake bia, vijana wameishiwa. Kwenye orodha moja ya hesabu kuna pilipili manga, zao la India, lililovushwa bahari kwa pepo zilezile za msimu wanazozijua manahodha wa pwani yetu.