Mnafiki ni nani? Dhana tunazotoka nazo kanisani

Dhana: Mnafiki ni Mkristo anayetenda dhambi.
Ingekuwa hivyo, makanisa yote ya Kisumu yangefungwa leo. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "mnafiki" katika Injili, hupokrites, lilimtaja mwigizaji wa jukwaani. Anayeanguka na kutubu haigizi. Anayeigiza ni yule anayetazama kwanza nani yupo.

Dhana: Huo ni ugonjwa wa wachungaji na wanasiasa wa harambee.
Wanasiasa tuwaache, wanajulikana. Fungua Wagalatia 2. Kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, bila shida, mpaka walipofika wageni Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu; hapo akaihama meza. Paulo alimkabili ana kwa ana, na akakiita kitendo hicho unafiki. Petro mzima! Hakuiba, hakuzini. Aliogopa macho ya wenzake.

Dhana: Wenye ngoma na kelele ndio wanaojionyesha.
Ukimya nao huigizwa. Tusonge mbele.

Dhana: Nikishatoa fungu la kumi, sidaiwi.
Katika Mathayo 23:23 Mafarisayo wanatoa zaka hadi ya mnanaa, bizari na jira, viungo vya kutia mchuzini, huku wakiacha adili, rehema na imani. Yesu hakuwaambia waache zaka. Aliwaambia wasiache hayo makubwa. Na rehema ina bei yake: Msamaria wa Luka 10 alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili za kumtunza mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Piga hesabu kwa ujira wa mjengo wa hapa Kondele uone kama ungetoa kwa mtu usiyemjua, tena wa kabila lisilopatana na lako.

Mimi mwenyewe, Jumapili moja, nilitaja shilingi mia tano kwenye harambee ya mabati, jina langu likasomwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Saa moja baadaye nilikuwa sokoni Kibuye, Biblia kwapani, nikimkaba mama wa omena apunguze shilingi ishirini. Alinitazama, akatazama Biblia, akapunguza. Kisha akachota kiganja kingine, akakimwaga juu ya kopo lililokwisha kujaa.

"Nyongeza ya watoto, mtumishi," akasema.