Je, Wajua? Mashine ya Kutandaza Lami Hupimaje Unene Bila Kuichoma kwa Fimbo

Swali hili niliulizwa na fundi baiskeli mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, siku lami mpya ilipokuwa ikitandazwa mbele ya kibanda chake. Alinyoosha kidole kuelekea ubavuni mwa mashine, palipofungwa boriti ndefu ya chuma yenye vikasha vitatu vilivyotazama chini, viwili mbele na kimoja nyuma. "Mwanangu, wewe umesomea mambo ya barabara," akasema. "Vidude vile wanasema vinapima unene wa lami. Mbona havigusi kitu?"

Nikamjibu bila kusita: vinatoa mawimbi ya sauti, mawimbi yanapenya lami, yanagonga tabaka la chini, yanarudi, na muda wa kwenda na kurudi ndio unene. Mzee akaridhika, akarudi kwenye spoki zake. Jibu langu halikuwa sahihi. Nilikuwa nimeliamini kwa miaka kadhaa, na tangu nigundue kosa nimewasikia watu wengi wa fani hii wakilirudia neno kwa neno.

Aliyenisahihisha ni dada mmoja aliyekuwa akiongoza mashine hiyohiyo, siku mbili baadaye. "Haioni ndani, kaka," aliniambia huku akifuta kioo cha skrini kwa kanga. "Inafanya hesabu ya kutoa, basi."

Kosa langu lilikuwa na nusu ya ukweli, ndiyo maana linashika watu. Vikasha vile kweli ni senso za sauti. Hutoa sauti ya juu isiyosikika na sikio la binadamu, kisha husikiliza mwangwi, kama afanyavyo popo. Lakini sauti inayosafiri hewani ikikutana na maji au kitu kigumu haiingii ndani ila kidogo mno. Zaidi ya asilimia 99 ya nguvu yake hurudishwa palepale juu. Aliyewahi kupiga mbizi kutafuta pweza anajua: ukiwa chini ya maji, mwenzako aliye mashuani anaweza kukuita mpaka sauti imkauke na usimsikie sawasawa. Hospitalini nako, mama mjamzito hupakwa jeli tumboni kabla ya kipimo cha ultrasaundi kwa sababu hiyohiyo. Jeli huziba nafasi ya hewa kati ya kifaa na ngozi. Bila jeli sauti hugonga ngozi na kurudi, na picha ya mtoto haipatikani.

Senso ya mashine ya lami haina jeli. Inaning'inia hewani, tuseme sentimita 40 juu ya lami. Na hata kama sauti ingeingia, ingekutana na kokoto, mchanga, bitumeni (ile gundi nyeusi ya lami) na vijitundu vya hewa vilivyojaa kila mahali, kwa sababu lami hiyo haijashindiliwa bado. Mwangwi wa chini usingerudi katika hali ya kueleweka.

Vifaa vinavyoona ndani ya lami vipo, nadhani navyo vimechangia kutuchanganya. Iko rada ya ardhini, inayotumia mawimbi ya redio na kupitishwa juu ya barabara iliyokwisha kukamilika. Iko pia njia ya kulaza vipande vyembamba vya bati kabla ya lami kumwagwa, kisha kuvitafuta kwa sumaku ya umeme kutoka juu. Hizo ni kazi za mkaguzi. Kile kinachofungwa kwenye mashine inayotembea, ili mtu ajue unene saa hiyohiyo lami ikiwa ya moto, kwa kawaida hufanya jambo jingine kabisa.

Ili kulielewa, fikiria gati.

Umekaa ukingoni mwa gati wakati maji yamekupwa, unashusha kamba mpaka mchangani. Kamba inasoma mita 5. Unaandika. Baada ya saa sita maji yamejaa, unarudi mahali palepale na kushusha kamba mpaka iguse uso wa maji. Sasa inasoma mita 2. Kina cha maji chini yako ni mita 3, nawe hujatia hata kidole majini. Hukutumia bildi, ile kamba ya mabaharia yenye uzito wa kuzama mpaka chini. Umepima sehemu mbili za juu kwa nyakati mbili, uso wa mchanga na uso wa maji, ukatoa moja kwa nyingine.

Mashine ya lami hufanya hivyo. Senso za mbele zinatazama barabara kabla lami haijafika: hayo ni maji kupwa. Senso ya nyuma inatazama lami iliyokwisha kutandazwa: hayo ni maji kujaa. Tofauti ya vipimo viwili ni unene. Kwa nini basi senso zisiwe mbili tu, moja mbele na moja nyuma? Hapa ndipo utamu wa jambo lenyewe ulipo, na ndipo nilipokaa na dada yule mpaka jua likazama.

Gati halitikisiki, ila boriti ya mashine hutikisika. Ni kama kupima kina kutoka kwenye ngalawa: chombo kikiinama kidogo mbele, kamba ya mbele inasoma fupi na ya nyuma ndefu, wala bahari haijabadilika. Kwa hiyo mashine lazima ijue kwanza imeinama kiasi gani. Ndiyo kazi ya vikasha viwili vya mbele. Fundi mwashi anajua kwamba akipata pointi mbili, uzi wake unaweza kuendelea mbele hadi anapotaka, na ataona ukuta ungefika wapi kabla haujajengwa. Senso mbili za mbele huvuta uzi wa namna hiyo juu ya barabara tupu na kuurefusha kinyumenyume, chini ya lami, mpaka chini ya senso ya nyuma.

Tuweke namba. Senso ya kwanza, ya pili mita 1 nyuma yake, na ya tatu mita 2 nyuma ya hiyo. Boriti ikiwa sambamba na barabara, ya kwanza inasoma milimita 450, ya pili 450, ya tatu 400. Unene ni 50. Sasa pua ya boriti imeinuka kidogo: ya kwanza inasoma 460, ya pili 450, ya tatu 380. Ukitoa ya tatu kwa ya pili kienyeji utapata 70, na utaamini lami imezidi. Lakini uzi unasema boriti inashuka milimita 10 kwa kila mita, kwa hiyo pale kwenye senso ya tatu umbali hadi barabara ya zamani ni 430. Toa 380. Ni 50 ileile, lami haikuongezeka hata punje.

Mpangilio si mmoja kwa mashine zote. Kuna mifumo inayotumia leza badala ya sauti, na kuna inayohesabu mwendo kwa gurudumu ili ikumbuke senso ya mbele ilisoma nini mahali fulani hata ya nyuma ifike hapohapo. Hesabu ni ya ukoo mmoja. Udhaifu wake nao ni mmoja: uzi ulionyooka unadhani barabara ya chini nayo imenyooka. Penye bonde dogo kati ya senso, namba ya papo kwa papo si ya kuaminika, na ndiyo maana skrini huonyesha wastani wa mwendo fulani badala ya kila mpigo wa sauti.

Kuiendesha, kwa hiyo, ni kuilinda boriti. Asubuhi, kabla ya lami kufika, mashine husimamishwa mahali palipo sawa, umbali wa kila senso hupimwa kwa rula ya chuma na kulinganishwa na kinachosomeka, kisha mfumo huwekwa kwenye sifuri. Boriti ikigongwa na tipa linaporudi nyuma, sifuri ile imekufa na kazi inaanza upya. Nilimwona dada yule akisimamisha mashine nzima kwa sababu mtu alining'iniza dumu la maji kwenye ncha ya boriti. Wengine walinung'unika. Kwa maoni yangu alifanya sawasawa: milimita mbili za chuma kujipinda ni milimita mbili za uongo kwenye skrini.

Joto nalo ni adui. Sauti hukimbia hewani kwa takriban mita 331 kwa sekunde penye nyuzi 0 za Selsiasi, na huongeza karibu mita 0.6 kwa kila nyuzi moja. Tanga mchana, kwenye nyuzi 30, ni mita 349 hivi. Lakini senso ya nyuma inatazama lami ya nyuzi 150 au karibu na hapo, na hewa iliyo katikati inachemka. Unaiona ikicheza kama moto juu ya jiko la mkaa. Hewa hiyo ikiwa na wastani wa nyuzi 50, mwangwi unawahi kurudi, na uso ulio milimita 400 unaonekana uko 387. Milimita 13 za lami isiyokuwepo! Ndiyo maana senso nyingi za aina hii huwa na kijichuma kidogo kilichofungwa mbele yake kwa umbali unaojulikana. Mwangwi wa kijichuma hurudi kwanza, mfumo unapata kasi halisi ya sauti katika hewa ile, kisha ndipo unahesabu. Kijichuma kikiganda bitumeni au kikipinda, kila kitu kinapotoka pamoja nacho. Kitambaa chenye dizeli kidogo kilikuwa mfukoni mwa msaidizi siku nzima.

Kuna jambo la pili linalotatiza wageni wa kazi hii: namba ikionekana ndogo, huwezi kuirekebisha papo hapo. Bati zito la moto linalosawazisha lami, ambalo mafundi huliita skridi, halina magurudumu. Linaelea juu ya lami likiburutwa kwa mikono miwili mirefu ya chuma, mtindo ulioanza Marekani miaka ya 1930. Ukiliinua pua kidogo, linapanda polepole, kama mwiko wa plasta unapougeuza ubavu. Baada ya kusogea urefu mmoja wa mkono wake, limefikia kama asilimia 63 ya badiliko uliloagiza. Kukamilika kunahitaji urefu wa mikono mitano hivi. Mkono wa mita 3 maana yake ni mita 15. Opereta asiyejua hili anaona milimita 58 badala ya 62, anazungusha kirekebishi ili skridi lipande, haoni badiliko, anazungusha tena, na mita kumi mbele lami imevimba. Mawimbi unayoyahisi ukiwa kwenye bodaboda juu ya lami mpya, baadhi yake huzaliwa hivyo.

Nimesema 62 kwa makusudi. Skrini inapima lami kabla ya rola. Ukitaka milimita 50 baada ya kushindilia, nyuma ya skridi panahitajika 60 au zaidi kidogo, kutegemea mchanganyiko, na uwiano huo hupatikana kwa kupima mwanzoni mwa kazi.

Je, milimita chache zina uzito wa kuhangaikiwa hivi? Barabara ya Tanga hadi Horohoro ina kilomita 65. Tuichukulie ina upana wa mita 7, na lami iliyoshindiliwa ina tani 2.4 kwa mita moja ya ujazo. Milimita moja tu ya ziada kutoka mwanzo hadi mwisho ni tani 1,092. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Ugumu wa bamba kupinda hufuata unene kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo 45 badala ya 50 inapoteza kama asilimia 27. Kanuni hiyo ni ya bamba lililo peke yake. Barabara hulala juu ya kokoto zilizoshindiliwa, na hasara halisi hutegemea kilicho chini. Lakini kwa kawaida nyufa huanza mapema palipo pembamba.

Njia za zamani bado zipo. Fimbo ya chuma huchomwa kwenye lami ya moto na kusomwa, nukta moja kwa wakati. Tani zilizotumika hugawanywa kwa eneo, na hapo unapata wastani unaoficha pembamba na panene. Lami ikishapoa, vipande vya mviringo hukatwa na kupimwa, wakati wa kurekebisha umekwisha pita. Dada yule hakuitupa fimbo. Kila baada ya mwendo fulani msaidizi wake aliichoma chini ya senso ya nyuma, wakalinganisha na skrini, kisha tundu likazibwa kwa koleo.

Nilirudi kwa fundi baiskeli kumsahihishia. Nilimweleza kwa habari ya gati, kupwa na kujaa, naye hakuhitaji maelezo mara mbili. Mashine ilikuwa imehamia mtaa wa pili, tukasimama pamoja kuitazama. Akafikiri, kisha akauliza: "Sasa kokoto moja ikidondoka chini ya kile kikasha cha pili?"

Tukapiga hesabu kwa kijiti, chini, kwenye vumbi. Kokoto ya milimita 30 chini ya senso ya pili: ya kwanza inasoma 450, ya pili 420, uzi unashuka milimita 30 kwa kila mita, na kwenye senso ya tatu unafika 360. Toa 400. Unene unakuwa chini ya sifuri kwa milimita 40. Kokoto ya milimita 30 imezaa kosa la 90, kwa sababu uzi hurefusha kila kosa la mwanzo wake. Mfumo huchuja vipimo vya ajabu namna hiyo, lakini kumwagika kwa lami kutoka kwenye tipa, kwa upana wa mita nzima, si rahisi kuchujwa.

Mbele ya boriti alikuwa akitembea kijana mmoja mwenye fagio na koleo, akiondoa kila kilichodondoka kabla vikasha havijakifikia. Siku ya kwanza nilikuwa nimempita nikidhani anasafisha barabara.