Ukanda wa saa si kujumlisha 3

Waandishi wengi wa programu huku kwetu huamini kwamba ukanda wa saa ni namba tu: chukua UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), jumlisha 3, kazi imekwisha. Kwa Nairobi na Dar es Salaam ya leo jibu hutoka sahihi, na ndiyo maana dhana hii haifi. Ijaribu London. Kikao kinachoanza huko saa tisa alasiri, Nairobi huwa saa kumi na mbili jioni mwezi Januari, lakini saa kumi na moja mwezi Julai, kwa kuwa Waingereza husogeza saa mbele majira ya joto. Hata Nairobi yenyewe iliwahi kutumia UTC+2:45! Kanuni hizi huwekwa na serikali, na serikali hubadili mawazo.

Wengine nao hukimbilia kupakua pytz, maktaba ya nje ya kushughulikia kanda za saa katika lugha ya Python. Haina haja. Tangu Python 3.9 ya mwaka 2020, moduli ya zoneinfo imo ndani ya lugha: weka tzinfo=ZoneInfo("Europe/London") kwenye tarehe yako, kisha igeuze kwa astimezone(ZoneInfo("Africa/Nairobi")). Kwenye Linux na macOS husoma data ya kanda iliyomo tayari kwenye mfumo. Windows ndiyo yenye usumbufu: huko utasakinisha tzdata, ambayo ni data tu.